"RIP OFF": NENO JEPESI, TUHUMA NZITO

Somo la Kiingereza kwa wanafunzi wa madarasa ya juu na wazazi wao



Katika ukurasa huu wa lugha tumeonelea tusome kitenzi kimoja cha Kiingereza cha mitaani, kilichozaliwa Marekani na ambacho leo kinasikika kila panapozungumzwa Kiingereza. Kitenzi chenyewe ni "rip off".

Wanafunzi wetu wanakisikia katika filamu na wanakisoma katika intaneti. Wale ambao wazazi wao wanauza viungo, khanga na vinyago kwa watalii huenda wamekisikia kikitamkwa mbele ya meza zao za biashara. Wengi wanajua kwamba kina uhusiano na bei. Wasilolijua wengi ni kwamba mtu akikitumia kwa namna moja huwa analalamika tu, na akikitumia kwa namna nyingine huwa anamwita mwenzake mwizi. Kwa hiyo ni neno la kujifunza kwa makini kabla halijatutoka mdomoni.

KITENZI CHA MANENO MAWILI

Kiingereza kina vitenzi vingi vinavyoundwa kwa kitenzi cha kawaida kikifuatwa na kineno kidogo kama "up", "off", "out" au "after". Kineno hicho ni kidogo kwa sura lakini hubadili maana yote. "Give" ni kutoa, lakini "give up" ni kukata tamaa. "Look" ni kutazama, lakini "look after" ni kutunza. Anayetafsiri neno moja moja atapotea njia.

Jambo hili lisitushangaze. Na sisi tunasema "kupiga pasi", "kupiga simu" na "kupiga mswaki", wala hakuna anayepigwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili naye hulazimika kuyabeba maneno hayo kwa pamoja. Basi na sisi tubebe "rip off" kama neno moja.

MAANA YA ASILI

"Rip" ni kuchana au kupasua kwa nguvu. "Off" huonyesha kwamba kitu kimetoka mahali kilipokuwa. Kwa hiyo maana ya kwanza kabisa ya "rip off" ni kubandua au kung'oa kwa nguvu. Tazama mifano hii:

"The wind ripped off the roof." Upepo uling'oa paa.

"She ripped off the label." Aliibandua lebo kwa nguvu.

Maana hii si ya mitaani, nayo inaandikwa popote bila aibu. Lakini ishike vizuri picha yake akilini: kitu kilikuwa kimeshikamana na mwenyewe, kikabanduliwa kwa nguvu. Maana za mitaani zote zimetoka katika picha hiyo.

NENO LILIKOTOKA

Maana ya mitaani ilianza katika usemi wa Wamarekani Weusi na ikajulikana zaidi katika miaka ya 1960. Maana yake ilikuwa kuiba au kunyang'anya. Kutoka kwao ikachukuliwa na vijana wa Marekani wa wakati ule waliokuwa wakipinga vita vya Vietnam na nguvu za makampuni makubwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 neno lilikuwa limeshaenea.

Baadhi ya vijana hao walilitumia kwa majivuno. Mwaka 1971 mwanaharakati wao mmoja maarufu, Abbie Hoffman, alitoa kitabu alichokiita "Steal This Book", yaani "Kiibe Kitabu Hiki". Ndani yake alieleza njia za kupata chakula, usafiri na huduma ya simu bila kulipa. Hoja yake ilikuwa kwamba kuyachukulia mali makampuni makubwa si kosa. Maduka mengi ya vitabu yalikataa kukiuza, na sababu yake si ngumu kuifahamu kwa mwenye kusoma jina la kitabu hicho.

Hapa pana funzo la lugha. Neno "nimeiba" linauma mdomoni mwa anayelisema. Neno jipya la mitaani halina uchungu huo, na mtu aliweza kusema "I ripped it off" huku akicheka na rafiki zake. Kitendo ni kilekile, ila kimevishwa nguo nyepesi. Lugha zote zina maneno ya namna hii, na kijana mwenye akili huyatambua.

Baadaye neno liligeuka mkono. Siku hizi anayelitumia zaidi si yule aliyechukua, bali ni yule aliyechukuliwa. Limekuwa neno la mlalamikaji.

MAANA TATU ZA LEO

Ya kwanza, na ndiyo inayotumika zaidi, ni kumtoza mtu bei isiyo ya haki au kumhadaa katika biashara.

"The mechanic ripped us off." Fundi wa gari alitupiga.

"The traders ripped off the farmers." Wachuuzi waliwapunja wakulima.

Mfano wa pili unatukumbusha kwamba mwenye kupunja si lazima awe muuzaji. Mkulima anayejaziwa gunia la lumbesa kupita kipimo, kisha akalipwa bei ya gunia la kawaida, amepunjwa na mnunuzi.

Ya pili ni kuiba hasa, yaani kuchukua kitu cha mtu. Matumizi haya yanasikika zaidi Marekani.

"Somebody ripped off my bike." Kuna mtu ameniibia baiskeli.

Ya tatu ni kunakili kazi ya mtu mwingine na kuifanya yako.

"They ripped off our design." Wameiba mchoro wetu.

Katika maana hii ya tatu tahadhari inahitajika sana, kwa sababu kufanana si lazima kuwe kuiba kwa makusudi. Mwaka 1976 mahakama ya New York iliamua kesi ya mwanamuziki wa Uingereza, George Harrison. Alidaiwa kwamba lahani ya wimbo wake "My Sweet Lord" ilichukuliwa kutoka wimbo wa zamani zaidi uitwao "He's So Fine". Jaji alimwona ana hatia ya kunakili, lakini alieleza kwamba alifanya hivyo bila kujitambua, kwa sababu lahani ile ilikuwa imejificha katika kumbukumbu yake. Sheria ilimdai fidia. Hata hivyo, anayesema "He ripped it off" huwa amekwenda mbali kuliko jaji, kwani kitenzi hiki humfanya msikilizaji aamini kwamba mtu alijua anachokifanya.

KANUNI ZA MATUMIZI

1. Katika wakati uliopita herufi "p" huwa mbili: "ripped". Vivyo hivyo katika "ripping".

2. Neno la pili ni "off" lenye "f" mbili. "Of" yenye "f" moja ni neno jingine. Kosa hili ni la kawaida sana katika madaftari ya wanafunzi.

3. Anayetendewa akitajwa kwa jina, jina linaweza kukaa mwisho au katikati. "They rip off tourists" ni sahihi, na "They rip tourists off" pia ni sahihi.

4. Akitajwa kwa kiwakilishi kama "me", "him", "us" au "them", lazima kikae katikati. Sema "He ripped me off". Usiseme "He ripped off me".

5. Katika kauli ya kutendwa tunasema "I was ripped off" au, katika mazungumzo ya kawaida, "I got ripped off". Kiswahili cha mitaani kina mwenzake kamili: "Nimepigwa."

6. Likiwa jina, huandikwa kwa kistari katikati: "a rip-off". Katika kulitamka, nguvu ya sauti huwekwa kwenye "rip".

JINA NA KITENZI SI SAWA

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo letu. Linganisha sentensi hizi mbili:

"This is a rip-off."

"You ripped me off."

Sentensi ya kwanza ina jina, na linalosemwa ni kitu au bei. Mwingereza au Mmarekani akiuziwa kikombe kidogo cha kahawa kwa bei kubwa uwanja wa ndege, atasema "What a rip-off!" na kuendelea na safari yake. Hakumtuhumu kijana aliyemmiminia kahawa. Amesema tu kwamba bei imezidi mno. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magazeti ya Uingereza yalikuwa na msemo "Rip-off Britain", wakilalamikia bei za bidhaa nchini mwao kuwa juu kuliko za nchi nyingine. Mwaka 2009 BBC ilianzisha kipindi cha televisheni chenye jina hilohilo cha kutetea wanunuzi. Msemo wenyewe haukumtaja mtu yeyote.

Sentensi ya pili ina kitenzi, na kitenzi kina mtendaji: wewe. Hapo bei si tena habari yenyewe. Habari ni kwamba wewe, kwa kujua, umenichukulia changu. Kwa Kiswahili, ya kwanza ni kama kusema "Bei hii imezidi", na ya pili ni kama kusema "Umeniibia". Mtu akiambiwa hivyo mbele ya wateja wake, ana haki ya kukasirika iwapo si kweli.

Mwanafunzi asiyejua tofauti hii anaweza kumvunjia mtu heshima huku akidhani amelalamikia bei tu. Na anayesikia "rip-off" kutoka kwa mteja asifanye haraka kugombana, kwani huenda mteja hakumkusudia yeye.

KISWAHILI CHAKE NI KIPI?

Hakuna neno moja la Kiswahili linalolingana na "rip off" mahali pote. Inatubidi tutazame ni nini hasa kilichotendeka.

Kupunja: kumpa mtu pungufu ya haki yake, hasa katika mizani, kipimo au malipo.

Kulangua: kununua bidhaa na kuiuza kwa bei ya kupita kiasi, mara nyingi wakati wa uhaba.

Kutapeli: kumchukulia mtu mali kwa hila na uongo.

Kupiga na kulalia: maneno ya mitaani ya kumtoza mtu sana au kumpa malipo madogo kwa kutumia kutojua kwake au shida yake.

Kuingizwa mjini: kuhadaiwa kwa sababu ya ugeni na kutojua mambo.

Kuuziwa mbuzi kwenye gunia: kununua kitu bila kukiona hali yake, kisha kukikuta sicho.

Mwanafunzi akitafsiri, asirukie neno la kwanza linalomjia. Ajiulize kwanza: palikuwa na mizani pungufu, bei ya juu, au uongo?

GHALI SI WIZI

Suala la bei na hadaa si geni kwetu. Sura ya 83 ya Qur'ani Tukufu imeitwa Al-Mutaffifin, yaani wapunjao, na mwanzo wake unawaonya wale ambao wakipimiwa wao hutaka kipimo kamili, lakini wakiwapimia wengine hupunguza. Aidha, imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaingiza mkono wake katika rundo la nafaka, akakuta ndani yake mna maji ilhali juu ni pakavu. Akamuuliza mwenye nafaka kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Tuangalie: kosa la muuzaji yule halikuwa bei, lilikuwa kuficha.

Imepokewa pia kwamba palikuwa na mtu aliyekuwa akihadaiwa kila anaponunua. Kwa maneno ya leo tungesema alikuwa akipigwa. Mtume (S.A.W.) alimfundisha aseme wakati wa kununua kwamba pasiwe na hadaa. Katika baadhi ya mapokezi alipewa hiari ya siku tatu: akiridhika ashike alichokinunua, asiporidhika akirudishe.

Marekani nayo, lilikozaliwa neno letu, ina chombo cha serikali kuu cha kuwalinda wanunuzi, kilichoundwa mwaka 1914, kiitwacho Federal Trade Commission. Miongoni mwa kanuni zake, iliyoanza katika miaka ya 1970, mtu aliyeuziwa kitu nyumbani kwake na mchuuzi wa mlango kwa mlango hupewa, katika mauzo mengi ya aina hiyo, siku tatu za kazi za kubadili nia. Siri ya kanuni hiyo inafahamika: mtu aliyebanwa mlangoni hana nafasi ya kufikiri.

Kutokana na haya tunaweza kujiuliza maswali matatu kabla ya kusema "He ripped me off":

Je, nilielezwa ukweli kuhusu kitu chenyewe?

Je, nilikuwa na nafasi ya kuuliza, kulinganisha na kukataa?

Je, nilichopewa ndicho nilicholipia, kwa kipimo kilekile?

Majibu yote yakiwa "ndiyo", basi kitu kilikuwa ghali tu, na ghali si wizi. Tuseme "It was expensive" na tuachane kwa wema. Jibu moja likiwa "hapana", hapo kitenzi chetu kina nafasi yake.

Lakini kioo hiki tusiwageuzie wengine tu. Wako kati yetu wanaomwona mgeni anakuja, wakapandisha bei mara tatu au nne kwa kuwa hajui bei ya soko, kisha wakasema, "Mwenyewe amekubali." Wanazuoni wetu wa fiqhi wanaijua hali hii ya kumzidishia bei asiyejua, wakaiita ghabn, na wamejadili lini mnunuzi ana haki ya kurudisha bidhaa. Mgeni asiyejua bei hana tofauti na yule mtu aliyekuwa akihadaiwa sokoni. Siku atakapogundua na kusema "I was ripped off", tusimlaumu kwa ukali wa maneno yake. Tutazame kwanza kama amesema kweli. Kupatana bei si vibaya, na faida ni halali. Kinachovunja haki ni kuufanya ugeni wa mtu kuwa ndio bidhaa yetu.

WAPI LITUMIKE, WAPI LISITUMIKE

"Rip off" ni neno la mazungumzo kati ya watu waliozoeana. Katika insha ya mtihani, barua rasmi au malalamiko kwa mwenye duka, tumia maneno ya adabu zaidi: "overcharge" ni kutoza zaidi ya bei, "cheat" ni kudanganya, "defraud" ni kutapeli kwa maana ya kisheria, na "copy" ni kunakili.

Tuseme uko dukani nchini Marekani, umelipa dola 15 na lebo inasema 10. Ukimwambia muuzaji "You ripped me off!", umeanza ugomvi. Sema hivi:

"Excuse me, I think I was overcharged. The label says ten dollars, but I paid fifteen."

Maana yake: "Samahani, nadhani nimetozwa zaidi. Lebo inasema dola 10, lakini mimi nimelipa 15." Huenda mashine ilikosea tu. Haki yako utaipata, na heshima ya muuzaji itabaki.

ZOEZI

A. Sahihisha sentensi hizi:
1. The driver riped us off.
2. That shop ripped off him.
3. Ten dollars for tea? What a rip-of!

B. Chagua jibu sahihi. Kijana amenunua chaja kwa bei kubwa. Aliambiwa ukweli wote, alipita maduka matatu kulinganisha, na chaja inafanya kazi. Aseme nini?
(a) "The seller ripped me off."
(b) "The charger was expensive."

C. Tafsiri kwa Kiswahili: "The buyers ripped off the fishermen with a false scale."

MAJIBU

A. 1. ripped. 2. ripped him off. 3. rip-off.
B. Jibu ni (b), kwani hapakuwa na hadaa.
C. Wanunuzi waliwapunja wavuvi kwa mizani ya uongo.

Ndugu wanafunzi, tunawaomba mkae na wazazi wenu jioni moja muyafanye maswali haya pamoja, hasa yale matatu ya mnunuzi. Wazazi mnaofanya biashara, mna mifano mingi ya sokoni kuliko sisi tulioandika. Wafundisheni watoto kuijua bei ya haki pamoja na kuutunza ulimi.